Ukuta Ulioshonewa Blanketi

Mke wangu hunywa chai amesimama. Tulipooana nilidhani ni haraka ya kuwahi kazini, nikamwekea kiti karibu na dirisha ili angalau amalizie kikombe akiwa ametulia. Kiti kile kinabeba nguo za wateja zinazongoja pasi mpaka leo. Yeye husimama mlangoni, kikombe mkono wa kulia, na wa kushoto unatafuta kazi: unanyoosha pazia, unapapasa ukuta, unachomoa uzi uliojitokeza kwenye shati langu na kuniachia tundu. Mama yangu, ambaye anaishi nasi na ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa, alimpa jina wiki ile ile ya kwanza: Kiguu na Njia. Mtaa mzima ukalidaka.

Sasa ajabu ni hii. Mtu huyu asiyejua kukaa kitako, kazi yake ni kungoja. Ni fundi wa maabara ya zege. Anachanganya saruji, mchanga, kokoto na maji, anajaza visanduku vya chuma, anatoa vibonge, anavizamisha kwenye tangi, halafu anasubiri vikomae ndipo avivunje kwa mashine ajue nguvu zake. Amesubiri miaka yote hiyo na hajazoea. Mimi ni fundi cherehani. Nikimaliza suruali, mwenyewe anaivaa na kuanza kulalamika papo hapo, tunamalizana. Kazi ya mke wangu hulalamika baada ya muda mrefu, na ikilalamika haisemi kwa mdomo, inapasuka.

Ilipasuka kweli. Hospitali ya mji wetu ilikuwa inajenga chumba cha mionzi, cha kutibia wagonjwa wa saratani. Kuta za chumba hicho si kuta za kawaida. Mtu mzima akilala chali ndani ya unene wake, kichwa na miguu vyote vinabaki ndani. Lazima ziwe nene hivyo ili mionzi isitoke nje kuwadhuru wengine, na lazima ziwe na nguvu kwa sababu juu yake kuna ghorofa lenye vitanda na watu. Ukuta wa kwanza ulimwagwa zege kali, lenye saruji ya kutosha na ya kubakiza. Mke wangu alivivunja vibonge vya majaribio yeye mwenyewe, vikafaulu kwa kishindo. Kisha ukuta ukapata ufa, kutoka upande mmoja hadi wa pili, mahali ambapo hata sindano haikutakiwa kupita.

"Vibonge vimefaulu, ukuta umefeli," alisema siku hiyo, akizunguka meza yangu ya kukatia nguo. "Nguvu zipo. Kilichouvunja ni joto."

"Joto gani? Ukuta umepikwa?"

"Umejipika wenyewe. Saruji ikikutana na maji inachemka. Ukuta mwembamba unalitoa joto lake nje, mtu hata hajui. Huu mnene hauna pa kulitolea. Moyo unaungua, ngozi imeshapoa. Umewahi kuimiminia glasi ya baridi chai ya moto?"

Nilimwelewa kwa njia yangu. Ukishona kitambaa kinachorudi kikifuliwa juu ya bitana isiyorudi, siku ya kwanza koti linang'aa, siku ya kufuliwa linajikunja lote. Hapo hakuna kitambaa chenye kosa, ila vimeunganishwa na kila kimoja kinakwenda njia yake.

Pale kazini, fomeni kila akimwona mke wangu alikuwa anamwimbia, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Alikuwa anatania, lakini utani ule ulimchoma. Wakaguzi walikuwa wamekataa katakata ufa uzibwe. Walitaka ukuta uvunjwe, ujengwe upya. Kwa hiyo methali yenyewe ilituangusha, maana ufa ulionekana mapema, watu walikuwa tayari kuuziba, na ukuta ulijengwa vile vile.

Yote haya yangebaki habari za kazini kama mama yangu asingekuwa na uvimbe kwenye titi. Alikuwa ameuficha chini ya kanga muda ambao sipendi kuukumbuka. Alipopasuliwa, akaanza dripu za dawa ya saratani, daktari alituita mimi na mke wangu kando. Alisema dripu zikiisha, mionzi ifuate bila kuchelewa, karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Mashine nyingine ilikuwa mji wa mbali, safari ambayo mwili wa mama baada ya dripu usingeiweza, na mwenyewe alishatangaza, "Siendi kufia kwenye chumba cha kupanga." Mashine ya kwetu ilikuwa imeshafika. Ilikuwa kwenye makasha yake ghalani, na wakubwa wa hospitali walisema wazi kwamba ukuta utakaojengwa upya nao ukiharibika, makasha yatapelekwa mji mwingine ambao chumba chake kiko tayari.

Basi mke wangu alikuwa anatafuta zege la kumponya mama mkwe wake. Hakulisema hivyo hata mara moja, lakini siku ile alitembea kutoka hospitali mpaka nyumbani kwa miguu, mbele yangu, bila kugeuka, na mimi nikawa namkimbilia nyuma kama mdai.

Alianza kuja nyumbani na viroba. Mama, ambaye siku za nguvu alikuwa anakaa sebuleni na kuamrisha kila kitu kwa macho, alikionyesha kimoja kwa kidole.

"Mkwe, hicho ni cha nini?"

"Mavi ya chuma, mama."

Mama akaweka kijiko chini. "Ya nini?"

"Taka ya kiwanda cha chuma. Ikisagwa laini inachukua nafasi ya saruji. Yenyewe haichemki sana. Inashika polepole, lakini ikishika imeshika."

"Kwa hiyo mimi nitaingizwa kwenye nyumba ya mavi."

"Utaingia, mama, na utapona."

Mama alicheka mpaka akaushika upande wake wenye mshono. Nilifurahi kumsikia anacheka, na wakati huo huo nikaudhika kwamba mke wangu anaahidi vitu asivyovijua.

Kazi ilimtesa. Akipunguza saruji, joto linashuka na nguvu inashuka nayo. Akiirudisha, vyote viwili vinapanda tena. Vibonge vyake vya mwanzo vilikuwa baridi kweli kweli, na laini kama biskuti iliyochovywa. Alipunguza maji, akaongeza dawa ya kufanya zege lisiwe gumu kumwaga. Kokoto alizifunika kivulini na kuzinyunyizia maji. Mahali pa sehemu ya maji ya kuchanganyia akaweka barafu, nayo aliinunua kwa wauza samaki, kwa hiyo kwa kitambo maabara nzima ilinuka soko, na yeye akarudi nyumbani akinuka soko, na paka wa jirani akahamia kwetu. Kila mchanganyiko ulidai kungojewa, na hapo ndipo nilipomwonea huruma. Nilimwona akisimama mbele ya tangi la vibonge kama mtu anayesubiri watu waliokataa kumfungulia mlango.

Mwishowe akaupata mmoja uliomridhisha. Injinia mkuu, mtu mpole ambaye miwani yake imefungwa kwa waya mguu mmoja, akakubali limwagwe bonge kubwa la majaribio nyuma ya maabara, kubwa kama chumba chetu cha kulala. Ndani yake wakazika nyaya za kupima joto, nyingine moyoni na nyingine karibu na ngozi. Jioni ya kuamkia kazi hiyo mke wangu akaja dukani kwangu, chumba cha mbele cha nyumba yetu.

"Fundi," akaniita. Ananiita Fundi akiwa na shida. Akiwa na hasira ananiita kwa jina la baba yangu. "Nishonee blanketi."

"La nani?"

"La zege."

"Zege linasikia baridi?"

"Zege linaungua. Ndiyo maana nataka nilifunike."

"Mwanangu," mama akadakia kutoka chumba cha nyuma, "mpime mkeo homa!"

Akatueleza, akitembea kutoka cherehani mpaka mlangoni. Moyo wa bonge utapata joto hata ufanyeje, kidogo kuliko zamani lakini utalipata. Asubuhi za msimu ule zilikuwa na upepo wa baridi, na upepo ukiipiga ngozi, ngozi itapoa peke yake na kuuacha moyo nyuma. Dawa ni kuifunika ngozi iendelee kuwa na joto, ili vyote viwili vipoe pamoja, taratibu. Mafundi wengi, alisema, wakiona zege linatoa mvuke wanaona huruma na kulimwagia maji baridi, na huruma hiyo ndiyo inayolichana.

Nikashona. Nilichukua sponji za magodoro mabovu, nikazibana katikati ya maturubai mawili, nikapiga mishono ya msalaba zisikimbie, nikaweka kamba pembeni za kufungia. Bonge lilipomwagwa, nililifunika na kufunga kila kamba kwa mkono wangu. Vifuniko vilipungua kwenye kona moja. Mama akatoa blanketi lake la kahawia, lile alilopewa na dada yake, akasema, "Mpelekeeni mgonjwa mwenzangu." Nikaliongezea kwenye kona ile, nikalifunga nalo kwa kamba.

Siku zilizofuata mke wangu hakuwa mtu wa kuongea naye. Roho yake ilikuwa juu juu. Nyaya zilimwambia kila kitu kinakwenda sawa, joto la ndani halikupanda kama la ukuta wa kwanza na la nje lilikuwa linalifuata, naye alizisoma na kuandika na kutoziamini. Alikwenda maabara hata siku yake ya mapumziko. Nilimuuliza anakwenda kufanya nini huko, wakati zege halihitaji mtu. "Kuangalia," akasema.

Walipovua vifuniko, bonge lilikuwa zima pande zote isipokuwa kona moja. Pale palikuwa na ufa, mwembamba, unaopanda kwa mshazari. Ulikuwa mdogo lakini ulikuwa ufa.

Alirudi mapema, akasimama katikati ya sebule na mkoba begani. "Limeshindikana," akasema. "Kesho mchana namwambia injinia. Wapeleke mashine wanakotaka." Mama alikuwa amejilaza, ametoka kwenye dripu, rangi yake haikuwa rangi. Alisikia, akageukia ukutani. Hakutania, na hilo lilinitisha kuliko ufa.

Asubuhi nilikwenda nyuma ya maabara kuchukua mali yangu. Sikwenda kuangalia ufa. Ufa si fani yangu, na nilikuwa na hasira na zege lote la dunia. Nilitaka sponji zangu na blanketi la mama. Vifuniko vilikuwa vimelundikwa kando ya bonge vile vile vilivyovuliwa, kila kimoja chini ya upande wake, kamba zimekatwa kwa kisu na mafundo bado yamo. Nikaanza kukunja.

Fundi yeyote anayajua mafundo yake. Langu nalipindisha mara mbili na ncha naificha ndani, maana baba alinifundisha kwamba kamba inayoning'inia ni uvivu unaoning'inia. Upande wa kwanza mafundo yalikuwa yangu. Upande wa pili, yangu. Nyuma, yangu. Nilipofika kwenye kona ya blanketi la mama, hayakuwa yangu. Yalikuwa mafundo ya haraka, moja juu ya jingine, na kamba zenyewe zimechakaa kwa kufungwa na kufunguliwa. Pindo la blanketi lilikuwa limepauka kwa vumbi la saruji, mahali pa kushikia. Nikanyanyua macho. Ufa ulikuwa umeanzia pale pale, mbele ya uso wangu.

Kona ile ndiyo pekee iliyokuwa nyepesi kufunua. Sponji na turubai zilikuwa nzito, blanketi halikuwa na uzito. Na mke wangu alifunua, tena saa za upepo, akaweka kiganja, akafunika, akarudi tena.

Kwanza nilifurahi kama mwendawazimu, peke yangu kwenye kokoto. Halafu nikaogopa. Kumwambia mke wangu kwamba zege lake ni zima na aliyelichana ni yeye! Afadhali kumwambia mteja kwamba amenenepa.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mlangoni na chai yake, amevaa tayari kwa kwenda kwa injinia.

"Ulifunua mara ngapi?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Kona ya blanketi la mama."

"Sikufunua. Nilichungulia."

"Ulichungulia mara ngapi?"

"Kidogo tu. Asubuhi. Na nikiwa napita."

"Na ulipita mara ngapi?"

"We bwana, unanihoji kama polisi?" Akaniita kwa jina la baba yangu.

Nikaweka kamba mezani, za upande wa nyuma na za kona ile. "Haya mafundo ni yangu. Haya ni yako. Ufa unaanzia kwenye yako. Pande nyingine zote, ambako hukugusa, hakuna hata mchubuko."

Akazichukua. Akazipindua. Nilimwona anazisoma kama alivyozisoma zile nyaya, ila hizi aliziamini. Kutoka chumbani mama akasema kwa sauti ndogo, "Hata sufuria nikiifunika, mkwe wangu, wewe lazima uifunue."

Mke wangu aliegemea ukuta. Aliutazama mkono wake wa kushoto muda mrefu, na machozi yakamtoka. Nami nikajiona mtu mbaya, nimemvunja mtu asubuhi asubuhi kabla hajamaliza chai. Kisha akainua uso. "Basi mchanganyiko ni mzima," akasema. Akalirudia, kwa sauti ya juu zaidi. Akatoka mbio na kandambili zangu.

Nilimfuata, maana nilizihitaji kandambili. Nilimkuta ameshamwambia injinia yote, wazi, bila kujitetea. Injinia alivua miwani, akaivaa, akalitazama bonge.

"Ningependa tumwage jingine tuhakikishe," akasema. "Lakini muda hatuna. Tukimwaga sasa, tunamwaga ukuta wenyewe."

"Najua."

"Na nyaya zinasema kweli, nilikuwa nashangaa mbona waya wa kona hii unashtuka shtuka. Mchanganyiko wako nauamini. Wewe ndiye ninayekuogopa."

"Hata mimi najiogopa. Niwekeni mbali."

"Nani ataweza kukuweka mbali?"

Mke wangu akanionyesha kwa kidevu. "Huyu ana sindano."

Ukuta ulimwagwa alfajiri, wakati hewa bado imepoa, barafu kwenye maji na kokoto zikitoka kivulini. Walipomaliza nilipanda na sindano yangu ya kushonea magunia na uzi uliopakwa nta. Safari hii sikuweka kamba hata moja. Nilishona kifuniko kwa kifuniko, juu ya mbao zilizolishikilia zege na juu ya zege lenyewe, mshono wa karibu karibu, kama ninayeshona mto usitoe pamba. Niliacha tundu dogo tu, nyaya zipite, azisome akiwa nje. Blanketi la mama nililiweka katikati kabisa, limezungukwa. Mke wangu alisimama chini, mikono nyuma, akinitazama kama mtoto anayefungiwa kabati la sukari.

Sasa ndiyo tukajua kungoja ni nini. Vibonge vya wiki ya kwanza vilivunjika upesi, kama ilivyotarajiwa na wote waliojua, lakini kutarajia na kuona ni vitu viwili. Tajiri wa kampuni ya ujenzi alikuja na gari lake, akasema, "Zege limelala hili." Fomeni naye akapata methali mpya, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Mke wangu alimjibu, "Kawia ufike." Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Alizisoma nyaya, akarudi dukani kwangu, akapanga vifungo kwa rangi, akavivuruga, akavipanga upya. Nilimpa suruali kuukuu azifumue mapindo ili asifumue kitu kingine.

Na mimi, nisimseme yeye tu. Mama alikuwa amemaliza dripu ya mwisho. Daktari akauliza habari za chumba. Siku hiyo mezani nilishindwa kujizuia. "Zege lako linataka muda," nikamwambia, "na mama hana muda." Nilitaka kuyarudisha maneno kinywani papo hapo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi.

Aliyejibu ni mama. Alimwita chumbani. Nilisikia kupitia pazia.

"Mkwe, huo mkono unautesa bure. Njoo unishike mimi. Mimi sipati ufa."

Nilipochungulia, mke wangu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kiganja chake kimelala juu ya mkono wa mama uliojaa alama za sindano. Hakuwa amekaa, alikuwa amepiga magoti tu, lakini hakuwa anatembea. Tangu siku hiyo kila jioni alikwenda pale. Mama alimsimulia ubaya wangu wote wa utotoni, na mimi nikavumilia.

Nyaya ziliposema kwamba moyo na ngozi vimekutana, injinia akaniita na mkasi wangu. Fomeni alikuwepo, tajiri alikuwepo, na mke wangu alisimama mbali, hatua za kutosha kumzuia. Nilifumua mshono mmoja baada ya mwingine. Vijana wa kazi wakavuta vifuniko, wakatoa mbao. Ukuta ukajitokeza, wa kijivu kilichokoza, mtulivu. Injinia akaupitishia taa yake kutoka juu kwenda chini, akisogea kidogo kidogo.

Akasimama. "Hapa," akasema.

Palikuwa na mstari mweusi, mwembamba, uliopinda. Sikuweza kumtazama mke wangu. Nilikwenda mwenyewe, nikausogelea ule mstari mpaka pua ikagusa, nikaweka ukucha. Ukainuka. Nikauvuta, nao ukaja wote, mrefu, wenye nta.

"Uzi wangu," nikasema. "Umenasa."

Fomeni alicheka mpaka akakaa chini. Injinia akarudia ukuta wote kwa taa, pande zote, akasema hakuna kitu. Vibonge vya mwisho navyo, siku yao ilipofika, vilikataa kuvunjika mpaka mashine ikapiga kelele, na vilipovunjika vilitoa mlio uliomfanya tajiri aruke. Mke wangu hakuruka. Alisema "Haya," akaandika, akaniomba ruhusa ya kwenda kumwambia mama, kana kwamba mimi ndiye mwenye mama.

Mashine ilitoka kwenye makasha. Wakaguzi wakaja na vifaa vyao, wakazunguka ukuta kwa nje huku mionzi ikiwaka ndani, hakikupita kitu. Na asubuhi moja tukampeleka mama. Alikuwa amepungua sana, nilimshonea gauni jipya na nikalipunguza mara mbili. Blanketi la kahawia alilibeba mwenyewe. Nilikuwa nimelifua, lakini pindo moja lilikuwa limekunywa saruji na kukakamaa, na nilipotaka kumnunulia jipya alinifokea. "Hili limeshazoea kazi," alisema.

Kabla ya kuingia aliuwekea ukuta kiganja. "Baridi," akasema.

"Baridi, mama," mke wangu akamjibu.

Nesi alimlaza, akamfunika blanketi lake, akatutoa wote. Mle ndani mgonjwa hubaki peke yake. Mlango mzito ukajisukuma taratibu, ukafunga. Taa nyekundu juu yake ikawaka.

Nilishindwa kutulia. Nilikwenda mpaka mwisho wa ukumbi, nikarudi. Niliupapasa ukuta. Nilichomoa uzi kwenye mkono wa shati langu, nikatoboa tundu. Nilijiuliza kama mama anaogopa, kama anatafuta mtu wa kumtania na hamwoni.

"Kaa, Fundi," mke wangu akasema.

Nikageuka. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kitako kabisa, mgongo umeegemea ukuta wake, mikono yote miwili imebanwa chini ya mapaja.

"Mbona wewe umekaa?" nikamuuliza.

"Nikisimama nitakwenda kufungua ule mlango."

Nikakaa karibu naye. Akautoa mkono wa kushoto, akaushika wangu, akaukaza mpaka ukauma, wala hakuuachia mpaka taa nyekundu ilipozimika.